Mdogo wangu amepata nafuu baada ya miezi miwili ya dawa za kifua kikuu: minne iliyobaki ni ya nini?

Mwalimu wa Kayenze

Ndugu wanajukwaa, salaam. Naomba maelezo kutoka kwa wenye ujuzi, kwa sababu maonyo tumekwisha kupewa ya kutosha na mdogo wangu anaweza kuyakariri yote.

Yeye ni mvuvi wa dagaa, na kambi yao iko kwenye kisiwa kimoja upande wa Ukerewe. Mwaka huu alirudi nyumbani amekonda, anakohoa mfululizo, jioni anapanda homa na usiku anaamka shuka limelowa jasho. Alipimwa makohozi, akakutwa na kifua kikuu cha mapafu, akaanzishiwa dawa siku hiyo hiyo. Sasa amemaliza awamu ya kwanza ya miezi miwili. Kipimo cha marudio hakikuonyesha vimelea, kikohozi kimekwisha, uzito umerudi, na anataka kurejea ziwani kabla giza (siku zisizo na mbalamwezi, ambazo dagaa huvuliwa) halijaingia, maana tajiri mwenye mitumbwi hatamshikia nafasi yake.

Hoja yake ni hii: ikiwa kipimo hakioni kitu na mwili hauna dalili, vidonge vya miezi minne vinaua nini? Homa ya matumbo alitibiwa kwa siku zisizozidi 14 na ikaisha. Nimejaribu kumjibu nikashindwa, kwa kuwa mimi mwenyewe sielewi bakteria huyu ana nini cha pekee. Naomba pia kujua kama inawezekana akaendelea na matibabu akiwa huko kisiwani, kwa sababu kumzuia nyumbani miezi minne bila kipato ni jambo gumu kuliko linavyosemwa.

Fundi Hadubini

Mwalimu, salaam. Nipo maabara hapa Mwanza kwa miaka mingi, na naona swali la mdogo wako ni zuri kuliko majibu ambayo wagonjwa wengi hupewa. Nianze na hicho kipimo, kwa sababu ndicho kinachompa ujasiri.

Makohozi yakipakwa kwenye kioo na kutiwa rangi kwa njia ya Ziehl-Neelsen, bakteria wa kifua kikuu huonekana kama vijiti vyembamba vyekundu kwenye uwanja wa buluu, vyenye urefu wa mikroni mbili hadi nne. Ili mpimaji awaone kwa uhakika, kila mililita moja ya makohozi inapaswa kuwa na bakteria kati ya 5,000 na 10,000. Wakipungua chini ya hapo, kioo kinaonekana kitupu, na jibu linaloandikwa linaeleza kilichoonekana kwenye kioo tu, si kilichobaki ndani ya pafu. Mwambie hivi: hadubini ni nyavu ya sangara, na hakuna mvuvi atakayeapa kwamba ziwa halina dagaa eti kwa sababu nyavu ya sangara imerudi bila dagaa. Wengine watauliza kwa nini asipimwe kwa mashine ya GeneXpert, ambayo hutoa majibu kwa muda wa saa mbili hivi na hugundua vimelea vikiwa vichache zaidi. Ni mashine nzuri sana ya kugundua ugonjwa na kuangalia kama bakteria ni sugu kwa rifampisini, mojawapo ya dawa kuu za ugonjwa huu, lakini inatafuta vinasaba, na vinasaba vya bakteria aliyekufa huweza kuendelea kuonekana kwa muda mrefu. Ndiyo maana haitumiki kupima maendeleo ya mgonjwa aliye kwenye dawa.

Sasa bakteria mwenyewe. Anaitwa Mycobacterium tuberculosis, na sifa yake ya kwanza ni upole wa mwendo. Bakteria wengi wa tumboni, wakipata chakula na joto, hujigawa kila baada ya dakika 20 hivi. Huyu hujigawa mara moja kwa saa 18 hadi 24. Tukimwotesha maabara kwenye chakula kigumu kilichotengenezwa kwa mayai, tunaweza kusubiri hadi wiki nane kabla ya kutamka kwamba hakuna kilichoota. Sifa ya pili ni ukuta wake, ambao umejaa mafuta mazito ya aina ya nta yanayoitwa asidi za maikoliki. Rangi ikishaingia humo kwa shida haitoki hata ukiiosha kwa asidi, na dawa nyingi zinazoua bakteria wengine hazimwathiri. Robert Koch, aliyetangaza ugunduzi wa bakteria huyu mjini Berlin tarehe 24 Machi 1882, alifanikiwa pale walipokwama wengine kwa sababu alipata namna ya kumtia rangi. (Huyo huyo Koch alifika kwenye ziwa letu mwaka 1906 kuchunguza ugonjwa wa malale, akaweka kambi katika visiwa vya Sese upande wa Uganda, jambo ambalo shuleni halisemwi sana.)

Sifa ya tatu ndiyo inayojibu swali lako. Mtu akivuta hewa yenye bakteria hawa, wanafika ndani kabisa ya mapafu na kumezwa na seli za ulinzi zinazoitwa makrofaji. Kazi ya seli hizo ni kumeza kijidudu kisha kukimwagia vimeng'enya vya kukisaga. Bakteria wa kifua kikuu akishamezwa huzuia hatua hiyo ya pili, na anafanya makazi ndani ya askari aliyetumwa kumuua. Mwili nao hukusanya seli nyingine na kumzingira, na hivyo kutengeneza kinundu. Ndani ya kinundu oksijeni ni kidogo, chakula ni kidogo, na bakteria anapunguza shughuli zake hadi karibu na kusimama. Anaweza kukaa hivyo miaka mingi. Inakadiriwa kwamba takriban robo ya watu wote duniani wamewahi kuambukizwa, na kati ya walioambukizwa ni asilimia 5 hadi 10 tu wanaougua katika maisha yao, ingawa kwa mwenye virusi vya UKIMWI asiyetumia dawa hatari hiyo ni kubwa zaidi kwa mbali.

Kwa anayeugua, vinundu hulainika katikati, hutoboka na kumwagikia kwenye njia ya hewa, na hubaki tundu kwenye pafu. Tundu moja la namna hiyo linaweza kuwa na bakteria wapatao 100,000,000. Hao wenye hewa ya kutosha hujigawa kwa nguvu, na ndio wanaokoholewa na kuambukiza wengine. Dawa zikianza, hao hao ndio wanaokufa mwanzo, kwa sababu isoniazidi, mojawapo ya dawa hizo, huzuia ujenzi wa ukuta na anayejenga ukuta ni yule anayejigawa. Homa inashuka, hamu ya kula inarudi, mgonjwa anajiona mzima. Wale waliolala ndani ya vinundu hawajaguswa sawasawa.

Na kuna hesabu moja ambayo naomba umwonyeshe, maana naamini ataielewa. Katika kundi la bakteria hawa, mmoja kati ya takriban 1,000,000 huzaliwa akiwa tayari sugu kwa isoniazidi, na mmoja kati ya takriban 100,000,000 akiwa sugu kwa rifampisini, bila hata kuwahi kuonja dawa. Ukitumia dawa moja, unawaua wote isipokuwa yule mmoja, kisha yeye anajaza tundu upya. Hilo lilionekana wazi miaka ya 1940 wagonjwa walipotibiwa kwa streptomaisini peke yake: walipata nafuu ya haraka, halafu wengi wakarudi kuwa wagonjwa na dawa haikuwasaidia tena. Uwezekano wa bakteria mmoja kuzaliwa sugu kwa dawa mbili kwa pamoja ni mdogo kiasi kwamba hakuna tundu lenye bakteria wa kutosha kumpata huyo. Kwa hiyo miezi miwili ya kwanza ni dawa nne, yaani rifampisini, isoniazidi, pirazinamidi na ethambutoli, na minne inayofuata ni rifampisini na isoniazidi.

Mvuvi Mstaafu

Maelezo mazuri, Fundi. Lakini nina pingamizi. Kijana wangu anayesoma nje ananiambia kwamba siku hizi kuna matibabu ya miezi minne na yamekubaliwa kimataifa. Kama ni hivyo, basi hii miezi sita si sheria ya bakteria bali ni mazoea yetu, na huyo mdogo wake mwalimu akiishia mwezi wa nne hajakosea sana.

Mama Nyamizi

Nimestaafu uuguzi, na sehemu kubwa ya kazi yangu ilikuwa kliniki ya kifua kikuu, kwa hiyo nimjibu Mvuvi Mstaafu kwanza, kisha nirudi kwa mwalimu.

Baba, kijana wako hakukudanganya. Utafiti uliotangazwa mwaka 2021 ulionyesha kwamba matibabu ya miezi minne yanaweza kufanya kazi sawa na yale ya miezi sita, na mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani likayakubali kwa wenye umri wa miaka 12 na kuendelea. Lakini dawa zake ni nyingine: rifapentini inachukua nafasi ya rifampisini, na moksifloksasini inachukua nafasi ya ethambutoli. Watoto wenye kifua kikuu kisicho kikali nao wanaweza kutibiwa miezi minne, kwa kuwa wana bakteria wachache. Hakuna kati ya hayo linalomhusu mtu mzima mwenye vidonge vya rifampisini na isoniazidi mkononi akavikatisha njiani.

Hii miezi sita pia haikuokotwa. Zamani mgonjwa alitibiwa mwaka mzima hadi mwaka na nusu, na sindano juu yake. Kuanzia mwaka 1970 watafiti wa Afrika Mashariki wakishirikiana na Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza waliwafuatilia wagonjwa wa Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia, wakaona kwamba rifampisini au pirazinamidi ikiongezwa, miezi sita inatosha. Baadaye walijaribu kufupisha hadi minne, na idadi ya waliorudiwa na ugonjwa ikapanda. Kwa hiyo jibu la swali hili lilitoka kwenye mapafu ya watu wa huku kwetu, na naona ni haki mgonjwa wa Mwanza alijue hilo.

Sitaki pia kumficha mwalimu ukweli usiopendeza kliniki: wengi wa walioishia mwezi wa nne katika majaribio yale hawakurudiwa. Tatizo ni kwamba siku ya mtu kuacha dawa hakuna kipimo cha kawaida kinachoweza kumwonyesha yupo upande gani, na ambao mapafu yao yalikuwa yametoboka ndio waliokuwa hatarini zaidi. Anayerudiwa mara nyingi hurudiwa ndani ya mwaka mmoja, na ikiwa alikuwa akimeza leo na kuruka kesho, anaweza kurudiwa na kifua kikuu sugu, ambacho dawa zake ni nyingine na madhara yake ni mazito zaidi. Tuna hospitali nzima kule Kibong'oto, Kilimanjaro, yenye historia ndefu ya kuhudumia wagonjwa wa aina hiyo.

Sasa kisiwani. Kurudi kazini si kosa, na mimi sikuwahi kumkataza mvuvi kwenda ziwani ikiwa nguvu zimerudi na kipimo cha mwezi wa pili ni safi. Kosa ni kuondoka kimya kimya. Mpango wa Taifa wa Kudhibiti Kifua Kikuu na Ukoma, ulioanzishwa mwaka 1977, ulijengwa tangu mwanzo juu ya rejesta: kila mgonjwa anaandikwa, na akihama anahamishwa kwa maandishi. Daktari Karel Styblo, aliyeusimamia mfumo huo kwetu, aliuonyesha ulimwengu kwamba unafanya kazi katika nchi maskini, na miaka ya 1990 ukawa msingi wa mkakati ulioenezwa duniani kwa jina la DOTS, ambao mgonjwa humeza dawa akiangaliwa na msimamizi. Kwa hiyo aende kliniki anakotibiwa kabla ya safari, aeleze kambi yao iko kisiwa gani, aombe barua ya uhamisho kwenda zahanati au kituo cha afya kilicho karibu nayo kinachotoa dawa hizo, au hospitali ya wilaya iliyopo Nansio. Dawa hazilipiwi, popote atakapohamishiwa.

Mvuvi wa dagaa hulala mchana, na ratiba ya kumeza asubuhi baada ya kuamka haimfai. Ameze akitoka ziwani, kabla ya kula na kabla ya kulala, na iwe hivyo kila siku. Bakteria hajali ni saa ngapi, anajali kurukwa kwa siku. Vidonge vikae kwenye kopo lenye mfuniko, kavu, na vibaki kambini badala ya kupanda mtumbwini. Achague mtu wa kumsimamia. Mimi ningemchagua mpishi wa kambi kuliko tajiri, kwa sababu tajiri huonekana siku ya mauzo tu. Mkojo wa rangi ya chungwa ni rifampisini, asiogope. Macho yakigeuka manjano, akitapika mfululizo, au ganzi ikianza miguuni, aende kituoni siku hiyo hiyo. Pombe aiache kabisa mpaka amalize, kwa sababu ini lake tayari lina kazi.

Kipimo cha makohozi kinarudiwa mwisho wa mwezi wa tano na mwisho wa mwezi wa sita. Na kama hajapimwa virusi vya UKIMWI, apimwe, kwa kuwa majibu hayo yanabadilisha mpango wa matibabu.

Mwalimu wa Kayenze

Shikamoo Mama Nyamizi, na asante Fundi. Nimemsomea yote jana usiku. Mfano wa nyavu ulimfanya anyamaze kidogo, kisha akaniuliza swali ambalo naona ni gumu kuliko la kwanza: ikiwa waliolala hawaguswi na dawa kwa sababu wamelala, kuna faida gani kuendelea kuwamezea dawa zile zile miezi minne? Si watakuwa bado wamelala?

Fundi Hadubini

Mwalimu, mlete huyo kijana maabara, tunahitaji watu wa namna hiyo.

Kulala kwao si kwa aina moja. Wapo walio ndani ya seli za ulinzi na kwenye kingo za vinundu palipo na asidi, na hao ndio pirazinamidi iliwekwa kwa ajili yao. Hufanya kazi vizuri zaidi palipo na asidi, na kazi yake kubwa inafanyika katika miezi miwili ya mwanzo, ndiyo sababu baada ya hapo huondolewa. Wapo wengine ambao hulala kwa muda mrefu, huamka kwa kipindi kifupi, hufanya shughuli kidogo, kisha hulala tena, na hawaamki wote pamoja. Rifampisini inazuia hatua ya mwanzo kabisa ya bakteria kusoma vinasaba vyake ili atengeneze protini, kwa hiyo inaweza kumuua hata aliyeamka kwa muda mfupi, mradi dawa iwepo mwilini wakati huo anapoamka. Rifampisini haikai sana. Mtu akimeza leo, baada ya siku moja imebaki kidogo sana kwenye damu.

Kwa hiyo miezi minne ni muda wa kusubiri kila mmoja aamke kwa zamu yake akute dawa ipo. Isoniazidi inabaki kando ya rifampisini ili atakayeamka akiwa sugu kwa moja auawe na nyingine. Siku ambazo mgonjwa anaruka ni siku ambazo wanaoamka wanakuta nyumba haina mlinzi, na akiruka mara nyingi bila mpangilio, ndipo wale sugu wachache wanapopata nafasi ya kuzaana.

Kijana wa Igombe

Samahani kwa kuingilia. Mimi nilikaa banda moja na mtu wa aina hii msimu uliopita, tulilala sita, madirisha tumeziba kwa sababu ya mbu. Sasa naogopa. Nilikuwa namwekea kikombe chake na sahani yake. Hiyo inatosha? Na nilichanjwa utotoni, kovu lipo begani.

Mama Nyamizi

Mwanangu, kikombe na sahani hazikuwa na hatia. Ugonjwa huu husafiri kwa hewa: mgonjwa ambaye hajaanza dawa akikohoa, matone madogo sana hubaki yakielea kwa saa kadhaa ndani ya chumba kisicho na mzunguko wa hewa. Hayo madirisha mliyoziba ndiyo ya kuzungumzia. Wekeni wavu wa mbu dirishani au kila mtu alale na chandarua chake, lakini hewa ipite na jua liingie, kwa sababu jua huua bakteria hawa. Mgonjwa anayemeza dawa zinazofaa hupunguza kuambukiza haraka, ndani ya wiki chache za mwanzo, kwa hiyo mdogo wake mwalimu si tishio kwa kambi kwa sasa.

Chanjo ya BCG uliyopewa huwakinga zaidi watoto wadogo dhidi ya kifua kikuu cha uti wa ubongo na kile kinachosambaa mwili mzima. Kwa mtu mzima kinga yake dhidi ya kifua kikuu cha mapafu ni ya mashaka, hivyo kovu lisikufanye ulale usingizi.

Nenda kituo cha afya ueleze kwamba uliishi banda moja na mgonjwa. Watakuuliza kuhusu kikohozi, homa, jasho la usiku na kupungua uzito. Ukiwa na dalili yoyote utapimwa makohozi. Usipokuwa nayo watakuangalia kama unastahili dawa za kinga, ambazo huwaua waliolala kabla hawajaleta ugonjwa. Waambie na wale wengine wanne mliolala nao. Na ewe mwalimu, ikiwa nyumbani kwenu kuna mtoto wa chini ya miaka mitano aliyekaa na mdogo wako kabla hajaanza dawa, mpeleke wiki hii hii hata kama anacheza vizuri, kwa sababu kwa watoto wa umri huo ugonjwa huu huenda mbio na mara nyingi hauanzi kwa kikohozi. Unaanza kwa mtoto kutoongezeka uzito.

Mwalimu wa Kayenze

Yupo, binti yake mwenyewe wa miaka mitatu, na kliniki waliuliza lakini hakupelekwa. Kesho nampeleka mimi, na barua ya uhamisho tutaiomba hapo hapo.